Utabiri wa Mechi ya Bakuli

Usiniulize nani atashinda. Hapa kijijini wanajua hivyo, lakini kila Jumamosi hakosi mmoja anayesimama uani kwangu na simu mkononi na kuniambia, "Mwalimu, wewe unaelewa mpira, tuambie hii moja tu." Namwambia aende zake. Wengine wanadhani ni ulokole, wengine wanadhani ni uzee. Ni hasira, na umri wake unawazidi wote. Kwa kuwa nimechoka kuulizwa, nitaieleza mara moja hapa, kisha waniache nichume kahawa yangu.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu cha misheni, upande wa Embu, wakati wa ile Hali ya Hatari ambayo sisi wenyewe tuliiita Imajensi. Kila Machi chuo chetu kilicheza mpira na chuo cha Meru, ng'ambo ya mto Thuchi. Mwaka mmoja tulipanda lori sisi kwenda kwao, mwaka uliofuata waliteremka wao. Mshindi alipewa bakuli la fedha lililoachwa na mke wa ofisa mmoja wa Kizungu alipokuwa akirudi kwao, kwa hiyo mechi yenyewe tuliiita Mechi ya Bakuli. Lilikuwa bakuli dogo, la kumwoshea mtoto miguu. Likiwa kwetu, mwalimu mkuu alilifungia kabatini pamoja na chaki.

Misheni ilikataza kabisa kuweka dau, kwa hiyo kila mtu aliweka. Hela hatukuwa nazo. Tuliwekeana sukari, kipande cha sabuni, zamu ya kuteka maji. Mjini Embu kulikuwa na mchinjaji mmoja Mwislamu aliyeshika dau za wakubwa, za mbuzi na za magunia, na aliapa kwamba dini yake haimruhusu kuweka dau, yeye anawatunzia tu wanaoweka. Alikuwa mtu mcheshi na mizani yake ilikuwa ya haki. Nyama niliyokula miaka ile, nyingi ilitoka kwake, kwa sababu ya karatasi yangu.

Karatasi ndiyo kiini cha habari hii. Mimi sikucheza mpira, miguu yangu haikutaka. Nilikuwa na macho, na nilikuwa na mwandiko. Wiki ya mechi niliandika utabiri wangu ukurasa mzima na kuubandika kwenye mlango wa bwalo: nani atashinda, kwa mabao mangapi, na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ilikuwa fahari yangu. Mwalimu wetu wa mafunzo ya kufundisha alitukaririsha kila siku kwamba jibu bila sababu ni kelele. Toeni sababu, toeni sababu. Wenzangu walimcheka. Mimi nilimwamini, na nilitoa sababu mpaka za kamba za viatu.

Mwaka wa kwanza nilitabiri kwamba tutapigwa kule Meru, tatu kwa moja, na tukapigwa tatu kwa moja. Tangu siku ile nikawa mtu. Wapishi waliniuliza, makarani wa mjini waliniuliza, na mchinjaji alituma mtu Ijumaa kuja kunakili karatasi nzima. Nilivimba kichwa, nakiri. Kijana wa miaka kumi na tisa ambaye baba yake yuko kizuizini, ambaye hawezi kwenda nyumbani kwao bila pasi, anasomwa na watu wazima mlangoni pa bwalo. Nani hangevimba?

Safari ile ya Meru ndiyo iliyonikutanisha na winga wao wa kushoto. Ilikuwa desturi kwamba timu ngeni hulala kwa wenyeji, wawili kitanda kimoja, na mimi niliyekwenda kama mwandika mabao nilipangiwa kitanda chake. Alikuwa mtu wa Kianjai, mrefu, mpole, mama yake muuza ndizi sokoni. Alicheza na kiatu kimoja. Yeye na kaka yake walinunua jozi moja ya daluga kwa kuchangiana, na kwa kuwa kaka alipiga kwa mguu wa kulia na yeye kwa wa kushoto, waligawana: kila mmoja kimoja. Aliniambia hivyo bila aibu, akikipaka mafuta kile kimoja chake. Nilicheka mpaka akaniomba niache, watu wamelala.

Tuliongea Kiswahili, kwa sababu yeye alikicheka Kiembu changu nami nilikicheka Kimeru chake. Aliniita mucoore, neno la kwao la rafiki. Nilimsimulia habari za kwetu Kanja, jinsi watu wote walivyoondolewa kwenye boma zao na kufungiwa katika kijiji chenye ua wa miti iliyochongwa ncha, na jinsi mama yangu anavyohifadhi mbegu za maharagwe ndani ya chungu, amezichanganya na majivu zisiliwe na dumuzi. Sijui kwa nini nilimweleza habari za chungu. Usiku wa ugenini mtu husema chochote. Kesho yake mchana alitufunga mabao mawili kati ya yale matatu na la tatu alilipika yeye.

Basi ukaja Machi wa pili, zamu yao ya kuja kwetu.

Jumapili moja kabla ya wiki ya mechi, mama alipata pasi ya saa chache akaja kuniona. Nilimkuta kwenye lango amekaa chini, na mama yangu hakuwa mtu wa kukaa chini penye watu. Alikuwa akichimba handaki tangu Januari. Wanawake wa kijiji chetu walipelekwa kila siku, asubuhi hadi jioni, kuchimba lile handaki refu kando ya msitu ili wapiganaji walioko msituni wasiweze kutoka kutafuta chakula. Chini yake walisimika vijiti vyenye ncha. Hawakulipwa chochote. Jioni waliporudi walipewa kama saa moja kwenda shambani, na shamba letu lilikuwa mwendo wa hiyo saa moja. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka na kupona na kuchubuka tena mpaka havikunjiki vizuri. Hakulalamikia hivyo. Alisema mvua imekaribia, mawingu yameanza kukaa mlimani, na hajapata hata siku moja ya kulima. Msimu uliopita hakupanda. Akikosa huu pia, dada zangu wawili wadogo watakula nini? Mmoja, aliniambia, ameanza kuvimba miguu.

Nilikuwa mwalimu mtarajiwa, nikijua kuchora ramani ya mto ambao sijauona.  Nilimpa sabuni niliyoshinda kwenye dau.

Siku ya pili yake, Jumatatu, niliitwa darasani na kuambiwa kuna mtu langoni. Alikuwa hedimani wa kijiji chetu, mkubwa wa magadi wa pale, wale askari wa kienyeji wa serikali, na koti lake la jeshi lililomfika kwenye vifundo, na magadi wawili nyuma yake na bunduki. Nilidhani amekuja kuniambia mama amekufa. Nilishika nguzo ya lango, na yeye aliona, na akafurahi kuona.

Alianza kwa Kiswahili, ili magadi wake wasikie vizuri. "Nasikia ni wewe unaandika ile karatasi ya mpira."

Nikasema ndiyo, mzee.

"Niandikie na mimi. Yote. Usifiche kitu. Nimeshaongea na hedimani mwenzangu ng'ambo ya mto, tunaweka dau la ng'ombe ndume. Nikishinda, mama yako anatoka kwa handaki mpaka amalize kupanda. Nikishindwa, atachimba mpaka aone maji."

Magadi walicheka. Mimi nilimshukuru. Hilo nalo liandikwe: nilimshukuru, nikainama kidogo. Mtu aliyemweka mama yangu handakini alikuwa ananiuzia siku zake mwenyewe za kulima shamba lake mwenyewe, na mimi nikasema asante, mzee.

Niliandika alasiri hiyo hiyo, na sijawahi kuandika kitu vizuri namna ile. Nilisema Meru watashinda, mabao mawili kwa moja. Nilieleza kwamba golikipa wetu ni hodari kwa mipira ya juu lakini hainami upesi, kwamba fulbeki wetu wa kulia ana moyo lakini hana mbio, na kwamba senta wetu hupiga kwanza ndipo aangalie goli liko wapi. Kisha nikafika kwa winga wa kushoto. Nilisema timu yao nzima ni mtu mmoja. Mpira wote unapelekwa kwake, naye anaukokota karibu na mstari wa chokaa kana kwamba amefungiwa nao kwa uzi, na anapoingia ndani hakuna wa kumfuata. Wengine kumi wanasubiri tu. Yeye asipokuwepo, niliandika, hata sisi na uvivu wetu tutawafunga. Na mwisho, kwa sababu ukurasa ulikuwa na nafasi ya mstari mmoja na kwa sababu nilimpenda, nikaongeza: "Huyu hazuiliki uwanjani. Anayetaka kumzuia na amzuie darajani Thuchi, kabla hajavuka."

Nilisoma tena nikatabasamu. Ilikuwa sifa. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya uwanja angejua kwamba ni sifa na mzaha. Nilinakili mara mbili, moja nikaibandika mlangoni, nyingine nikaitia mkononi mwa gadi aliyekuja kuichukua. Wiki ile nzima wanafunzi waliupenda mstari ule. Walipishana kwenye njia ya bwalo wakiambiana "mzuie darajani" hata kama ni sahani ya mwenzao inayotakiwa kuzuiwa. Nami nilijua tu kwamba hedimani akiiamini karatasi atawekea Meru, Meru watashinda, na mama atapanda.

Hapo ndipo akili yangu ya kitabu ilipokuwa ya kipumbavu. Hedimani wa Embu angewezaje kuwawekea Meru, wakati anayeweka naye dau ni Mmeru? Kila mmoja alikuwa na upande wake tangu siku ya kuzaliwa. Hakuja kwangu kuuliza achague nani. Alikuja kuuliza afanye nini.

Lori la Meru lilifika Ijumaa jua likikaribia kuzama, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimetandika kitanda changu na kumwachia upande wa ukutani, aliopenda. Niliwahesabu wakishuka na sikumwona. Kapteni wao, kijana mnene aliyezoea kucheka, hakucheka. Alisema walisimamishwa darajani Thuchi. Pasi zilikaguliwa zote, na ya winga peke yake ikaonekana ina muhuri usiosomeka. Alinionyesha yake mwenyewe: muhuri wake ulikuwa doa la wino tu, huwezi kusema ni muhuri au ni jamu. Lakini waliomtaka ni yule. Gadi mmoja aliingia ndani ya lori akauliza, "Yule wa kiatu kimoja ni nani?"

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Kiatu kimoja. Nilikuwa nimekiandika hicho pia, katikati ya ukurasa, kwa sababu nilidhani kinapendeza. Nilirudi chumbani nikaketi juu ya kitanda, na maneno yangu yakawa yananijia moja moja, kwa mwandiko wangu mzuri.  Kisha nikakasirika, na nitasema ukweli, mtu wa kwanza niliyemkasirikia ni yeye. Kwa nini hakuangalia pasi yake? Kwa nini hakununua kiatu cha pili? Mtu mwenye hatia hutafuta wa karibu wa kumtupia.

Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Tayari alikuwa amepeleka barua ofisi ya wilaya na akajibiwa kwamba ni jambo la usalama, linachunguzwa. Nilisimama mbele ya meza yake. Ningemwambia kwamba si usalama, ni ndume, na kwamba maagizo niliandika mimi. Lakini kuweka dau kulikuwa kosa la kufukuzwa, na nilibakiza miezi minane niwe mwalimu. Nikasema nimekuja kuuliza kama kengele ya chakula itagongwa mapema. Akasema ndiyo.

Mechi ilianza saa nane. Watu walikuja kutoka mjini, makarani, wenye maduka, mchinjaji na kofia yake nyeupe, na hedimani akaletewa kiti. Meru walikuwa wamemweka winga wa kushoto kijana wa akiba ambaye kila alipopewa mpira aliurudisha nyuma kama anaogopa utamwuma. Na hata hivyo walitufunga kwanza. Ilikuwa kona, golikipa wetu akasubiri mpira wa juu, mpira ukaja chini. Kufikia mapumziko walikuwa mbele, moja bila. Nilimwona hedimani amekunja uso, fimbo yake ikichorachora ardhini.

Nilimwendea. Sijui ujasiri ulitoka wapi, na haukukaa sana. Nilimwomba ampeleke mtu darajani amwachilie yule kijana, kwa kuwa hana kosa, na yeye anajua hana kosa. Nilisema kwa Kiembu, kwa upole wote niliokuwa nao. Yeye akanijibu kwa Kiswahili, bila kuinua sauti.

"Naweza. Ukitaka nimwachilie, sema saa hii, na Jumatatu mama yako anarudi handaki. Unaona mawingu yale? Haya, sema."

Nilitazama. Kweli mlima haukuonekana, ulikuwa umefunikwa mpaka chini. Ilibaki wiki moja, labda siku tano. Nilimfikiria dada yangu na miguu yake. Nilimfikiria winga pia, lakini nilimfikiria kwa ufupi, kama mtu anayefunga mlango. Nilijiambia watamshika siku mbili tatu, watachoka, watamwachilia. Midomo yangu ilikuwepo na ulimi ulikuwepo. Sikusema.

"Basi," hedimani akasema. "Sasa waambie vijana wetu wapite wapi. Wewe si ndiye unajua?"

Nikaenda. Wachezaji wetu walikuwa wamekaa chini wakinyonya miwa. Nilimshika kapteni wetu begani nikamwambia kwamba upande wao wa kushoto hakuna mtu, yule wa akiba harudi kuzuia, fulbeki wetu wa kulia asiogope, apande na mpira mpaka mbele, hakuna atakayemgusa. Nilimweleza kwa makini. Nilimpa sababu.

Kipindi cha pili mabao yetu yote mawili yalipitia huko. La kwanza nilipiga kelele pamoja na wengine. La pili, dakika za mwisho, nilirukaruka. Nawaambieni nilirukaruka, mikono juu, nikimwona mama yangu na jembe lake na chungu chake cha majivu, na nilikuwa na furaha kweli, furaha ya mwili mzima, na mtu aliyenikumbatia kando yangu alikuwa gadi mwenye bunduki. Mbili kwa moja. Ulikuwa utabiri wangu mwenyewe, umegeuzwa tu.

Jioni tulitia uji ndani ya bakuli la fedha na likapitishwa mkono kwa mkono, kila mtu kinywa kimoja. Nilikunywa nami. Usiku upande wa ukutani wa kitanda ulikuwa mtupu na sikuuhamia.

Hedimani alitimiza ahadi. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote: mtu yule mwovu alitimiza ahadi yake yote, hakupunguza siku hata moja. Mama alilima, alipanda, mvua ikanyesha siku ya nne. Alipokuja kuniona tena, mwezi wa Mei, alikuwa amekaa sawasawa na mikono yake inakunjika. Alisema maharagwe yamefika magotini. Alisema hedimani ameonyesha utu, kumbe mtu asihukumiwe kwa koti lake, na kwamba anamtaja kwenye sala. Nilikaa pale nikimsikiliza mama yangu akimwombea. Sikumwambia siku ile, wala baadaye, na alizikwa akiwa bado anamshukuru mtu yule. Nilikula maharagwe yale likizo ya Agosti. Yalikuwa matamu.

Winga hakuachiliwa baada ya siku mbili tatu. Alipelekwa kuhojiwa, na kutoka huko kambini, sikujua kambi gani. Nilichokijua kuhusu karatasi nilikipata kwa mchinjaji. Nilipita dukani kwake wiki iliyofuata mechi naye hakunipa nyama, wala hakuchekesha. Alisema karatasi yangu ilisomwa pale dukani mara tatu kwa sauti, karani wa hedimani akisoma, hedimani mwenyewe akisikiliza amefumba macho, na waliposoma mstari wa mwisho mara ya tatu akainuka akaenda zake bila kuaga. Mchinjaji alikuwa amedhani ni kicheko.

"Kwa nini uliweka sababu, kijana wangu?" akaniuliza. "Ungesema Meru, ukanyamaza, ingetosha."

 Aliacha kushika dau tangu mwezi ule, akasema mikono yake inanuka. Mimi niliacha kuandika. Mwaka uliofuata, nikiwa tayari nafundisha, waliniandikia kunibembeleza, nikawajibu nimesahau mpira.

Miaka ikapita, bendera ikabadilishwa, nikawa mwalimu, kisha nikapandishwa kuwa mkaguzi wa shule, nikapelekwa huko juu Timau kwenye mashamba ya ngano. Ni mahali pa baridi mbaya, watoto darasani wamevaa makoti ya baba zao. Kwenye shule moja ya wafanyakazi wa shamba kulikuwa na mkutano wa wazazi kuhusu paa, na mzazi mmoja aliinuka nyuma kusema kwamba mabati yapo, kinachokosekana ni misumari. Alikuja mbele kunionyesha orodha. Alikuwa akiuvuta mguu wake wa kushoto. Ulikuwa umevunjika ukaungwa vibaya, unyayo umeelekea nje. Kabla hajafika mezani nilikuwa nimemtambua, na yeye alinitambua tangu nilipoingia.

Tulikwenda nje, nyuma ya darasa, penye jua kidogo. Hakuniita mucoore. Aliniita mwalimu. Aliniambia anafanya kazi ya kutunza stoo ya shamba, ana watoto wanne, kaka yake bado ana kile kiatu cha kulia. Mguu sikuuliza, na yeye hakusema. Nilianza kusema kwamba kuna karatasi fulani niliyoiandika, na yeye akanikatiza.

"Walinisomea," akasema. "Kila siku ya kuhojiwa, waliniuliza kama huyu aliyeandika ni mwenzangu, na darajani kulikuwa na mpango gani. Niliishika yote kichwani."

Akaisoma. Amesimama pale, macho kwenye ngano, akaisoma kutoka mwanzo, golikipa asiyeinama, fulbeki asiye na mbio, uzi, chokaa, kiatu kimoja, timu nzima ni mtu mmoja. Hakukosea neno. Mstari wa mwisho aliusema polepole zaidi na akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayesifiwa. Akasema hakuna mwingine aliyewahi kumwandika vizuri hivyo. Nikamwuliza aliwajibu nini walipomwuliza kama aliyeandika ni mwenzake.

"Niliwaambia simjui."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo sijawahi kuimaliza. Nilitaka anipige. Nilitaka aniite kila jina baya la Kimeru na la Kiswahili, aniambie mguu ule una thamani gani, aniache na kitu cha kujitetea nacho. Badala yake alikuwa akinitazama kama mtu anayengojea habari aliyoisubiri muda mrefu.

"Yule hedimani wenu alikuja siku moja," akasema. "Aliniambia umeniuza kwa ajili ya mama yako, apate kupanda. Alipanda kweli?"

Nikasema alipanda.

"Na yakashika? Zile mbegu za majivu?"

Nikasema yalishika, tulikula mpaka Agosti, na dada yangu akapona miguu. Akaitikia kwa kichwa mara mbili. Kisha akaniomba nisisahau misumari, inchi tatu, kilo tano, akarudi ndani akiuvuta ule mguu.